Akina Julius, Kutoka Roma Hadi Butiama



Kila unapotaja mwezi wa Julai, unataja jina la mtu. Mtu huyo aliuawa kwa majambia akiwa kikaoni na waheshimiwa wa Seneti ya Roma, tarehe 15 Machi mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Mwaka huohuo mwezi aliozaliwa, ambao Warumi walikuwa wakiuita Quintilis, ulipewa jina lake. Kwa hiyo sisi Watanzania tunapoikumbuka Saba Saba, siku ilipoanzishwa TANU tarehe 7 Julai 1954, tunakikumbuka chama kilichoongozwa na Julius Nyerere, kikazaliwa katika mwezi wa Julius. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini jambo hilo ndilo lililonituma niwafuate wenye jina hili, mmoja baada ya mwingine, na leo ningependa tufuatane.

Ni jina la Kilatini, ila limekwisha kuwa letu. Yuko Julius fundi cherehani, yuko Julius dereva wa lori, yuko Mama Julius anayeuza maandazi asubuhi. Utamkuta Julius wa Kizanaki, wa Kihaya, wa Kichaga, wa Kikikuyu, wa Kinandi. Hakuna anayeshtuka kulisikia, na hakuna anayeuliza limefikaje hapa.

Mwenye jina anayejulikana kuliko wote duniani hakupewa jina hilo na wazazi wake. Jina alilopewa lilikuwa Gaius. Mwanamume wa Kirumi wa tabaka lake alikuwa na majina matatu: la kwake mwenyewe, la ukoo, na la tawi la ukoo. Gaius lilikuwa lake, Julius la ukoo, Caesar la tawi. Sisi tumezoea kumwita Julius Kaisari, yaani tunamwita kwa ukoo wake na tawi lake, na lile la kwake tumeliacha. Mabinti walikuwa na hali ngumu zaidi. Binti wa ukoo huo aliitwa Julia, basi. Shangazi yake Kaisari alikuwa Julia, dada zake wawili wote walikuwa Julia, na binti yake wa pekee aliyezaliwa katika ndoa akaitwa Julia vilevile.

Ukoo wenyewe ulijinadi kwamba asili yake ni mungu wa kike Venus, kupitia mjukuu wake aliyeitwa Iulus. Majigambo ya namna hiyo tunayafahamu hata kwetu. Nasaba kubwa hazikosi babu aliyetoka mbali. Kilichonigusa ni namna jina la ukoo mmoja lilivyotoka nje ya nyumba na kuenea ulimwenguni. Kwa desturi za Kirumi, mgeni aliyepewa uraia alichukua jina la ukoo wa yule aliyempa. Mtumwa aliyeachwa huru naye alibeba jina la ukoo wa bwana wake. Kaisari aligawa uraia kwa wengi, na Augusto aliyerithi jina lake naye akagawa. Baada ya vizazi vichache kulikuwa na akina Julius katika nchi tunazoziita leo Ufaransa, Hispania, Shamu, na Afrika ya Kaskazini, watu wasio na tone la damu ya ukoo ule.

Na hapo pana uchungu wake. Vita vya Kaisari huko Gaul, yaani Ufaransa ya leo, vilichukua miaka minane. Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha yake, anasema watu milioni moja waliuawa na wengine milioni moja wakachukuliwa mateka. Hata tukipunguza hesabu hiyo, kwa kuwa waandishi wa kale walipenda namba kubwa, bado ni maafa. Miongoni mwa wajukuu wa hao walioshindwa ndimo jina la mshindi lilimotia mizizi.

Sasa nikupeleke baharini, kwa Julius ambaye huenda umemsikia kanisani bila kumtilia maanani. Katika Biblia ya Kiswahili anaitwa Yulio. Yumo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27: akida wa kikosi cha Augusto, aliyekabidhiwa Paulo na wafungwa wengine awafikishe Roma. Walipotia nanga Sidoni, Yulio alimruhusu Paulo ashuke akaonane na rafiki zake na kupata mahitaji yake. Fikiria hilo: mfungwa anayepelekwa kwenye hukumu, na mlinzi anamwacha aende kuwasalimu watu wake.

Hakuwa mtu asiyekosea. Paulo alionya kwamba majira ya kusafiri yamepita na chombo kitaangamia; Yulio akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Tufani ikawapiga siku kumi na nne. Merikebu ilipokwama mchangani karibu na kisiwa cha Malta, huku tezi likivunjwa na mawimbi, askari wakashauriana wawaue wafungwa wote asije mmoja akaogelea akatoroka. Shauri hilo lilikuwa na mantiki ya kijeshi, maana askari aliyepotewa na mfungwa angeweza kulipa kwa uhai wake mwenyewe. Yulio akakataa. Akaamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Ndani ya chombo walikuwamo watu 276, na wote walifika nchi kavu salama.

Baada ya hapo hasemwi tena. Hana sanamu wala mwezi ulioitwa kwa jina lake. Lakini kwa hukumu yangu, amri ile moja aliyoitoa kwenye mawimbi inampandisha juu ya jemadari aliyelifanya jina hilo liogopwe.

Mapapa walioitwa Julius ni watatu. Wa kwanza, aliyeshika kiti kuanzia 337 hadi 352, ana uhusiano na bara letu: alimpokea Roma Athanasius, askofu wa Alexandria, Mwafrika aliyefukuzwa jimboni kwake, akamtetea mbele ya maaskofu wa Mashariki waliotaka asahauliwe. Wa pili, wa 1503 hadi 1513, alikuwa mtu wa kelele. Alikwenda vitani mwenyewe, akaanzisha kikosi cha walinzi wa Uswisi ambacho kipo hadi leo, na mwaka 1506 akaweka jiwe la msingi la Basilika ya Mtakatifu Petro tunayoiona sasa kwenye televisheni kila Krismasi. Ni yeye pia aliyempa Michelangelo kazi ya kuchora dari ya kikanisa cha Sistine, kazi iliyochukua kuanzia 1508 hadi 1512. Uzuri wa michoro ile haukanushiki. Lakini ujenzi wa basilika ulihitaji fedha, fedha zikatafutwa kwa njia ya rehema zilizolipiwa, na mwaka 1517, chini ya papa aliyemfuata, Martin Luther akapaza sauti. Wa tatu nampita.

Lugha nyingine zililichukua jina hili zikalinyoosha kwa ndimi zao: Giulio kwa Waitaliano, Julio kwa Wahispania, Jules kwa Wafaransa, na kila Juliana na Juliet wa mtaani kwenu ni wa shina hilohilo. Wapo waliolitia doa. Julius Streicher, Mjerumani, aliendesha kwa miaka mingi gazeti la kuwachochea watu wawachukie Wayahudi. Mahakama ya Nuremberg ilimtia hatiani na akanyongwa Oktoba 1946. Tumtaje tu ili orodha isiwe ya uongo, tuendelee.

Kwa maana katika karne hiyohiyo alikuwapo Julius mwingine, Myahudi, mtoto wa wahamiaji waliotoka Ujerumani kwenda Marekani. Julius Rosenwald alizaliwa mwaka 1862 huko Springfield, Illinois, akatajirika kwa kuiongoza kampuni ya Sears, Roebuck iliyouza bidhaa kwa njia ya posta. Alifahamiana na Booker T. Washington, mwalimu mweusi wa Tuskegee, Alabama, na kwa pamoja wakaanza jambo ambalo laiti lingefundishwa katika shule zetu. Kuanzia 1912 hadi 1932 zilijengwa karibu shule 5,000 za watoto weusi katika majimbo 15 ya Kusini mwa Marekani, mahali ambapo serikali iliwapa watoto hao mabaki ya mabaki.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Rosenwald hakujenga shule akakabidhi ufunguo. Alitoa sehemu ya fedha, na wanakijiji wakatoa sehemu yao: pesa, ardhi, mbao, na nguvu za mikono. Serikali ya mahali nayo ililazimika kuchangia na kuitambua shule. Watu waliokuwa wakulima wa kukodi, wasio na akiba benki, walichanga senti kwa senti. Ramani za majengo zilichorwa zikiwa na madirisha makubwa upande unaofaa jua, kwa sababu vijijini hakukuwa na umeme. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika mojawapo ya shule hizo, na John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge na mpigania haki, vilevile. Wale wa Kenya waliojenga shule kwa harambee, na Watanzania waliofyatua matofali ya shule ya kijiji, wataitambua mara moja roho ya kazi ile.

Na kwetu? Kwetu jina hili liliingia zaidi kwa mlango wa ubatizo. Mtoto au kijana alifika misheni akiwa na jina la bibi, la mvua, la njaa au la nzige, akatoka na cheti chenye jina la mtakatifu, na lile la nyumbani likisogezwa nafasi ya pili. Padri alikuwa na kalenda ya watakatifu ukutani. Julius wa Kwanza anakumbukwa tarehe 12 Aprili. Wengine walichagua jina wenyewe, wengine walichaguliwa.

Mmoja wao alikuwa Julius Gikonyo Kiano wa Murang'a. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, aliyoipata Berkeley, California, mwaka 1956. Aliporudi alishirikiana na Tom Mboya kutafuta nafasi na nauli za vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ikaruka Septemba 1959. Baadaye akawa waziri. Vijana waliopanda ndege zile walikuja kushika maofisi, maabara na madarasa ya nchi mpya.

Halafu wako wakimbiaji, na hapa Kenya imelipamba jina hili kuliko nchi nyingine yoyote ninayoifahamu. Olimpiki ya Munich, 1972: Julius Sang anapata shaba katika mita 400, kisha anakimbia mzunguko wa mwisho wa kupokezana vijiti, na Kenya inachukua dhahabu. Los Angeles, 1984: Julius Korir anashinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Seoul, 1988: mbio zilezile, dhahabu ileile, na mshindi ni Julius tena, Julius Kariuki. Muda wake wa dakika 8 sekunde 5.51 ulibaki rekodi ya Olimpiki kwa miaka 28, hadi Rio 2016.

Wa nne simwachi kwa sentensi moja. Julius Yego, kijana wa Nandi aliyezaliwa 1989, alipenda kurusha mkuki katika nchi ambayo kila mtoto mwenye miguu mizuri huambiwa akimbie. Hakuwa na kocha wa mkuki. Hakuwa na vifaa. Alikuwa na intaneti, na humo akawa anatazama video za Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway, anaangalia mguu unawekwa wapi, kiwiko kinapita wapi, kisha anakwenda uwanjani kujaribu. Mwaka 2011 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo. Tarehe 26 Agosti 2015, katika mashindano ya dunia mjini Beijing, jaribio lake la tatu lilikwenda mita 92.72. Akawa Mkenya wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia katika mchezo wa uwanjani usio wa mbio, na mwaka uliofuata akaongeza fedha ya Olimpiki. Nimeitazama video ile mara nyingi na kila mara nafurahi kama ndiyo kwanza naiona.

Sasa tufike Butiama.

Mtoto aliyezaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922 hakuitwa Julius. Mvua ilinyesha siku hiyo, akaitwa Kambarage, jina linalohusishwa na mvua kwa Wazanaki. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942. Kijana alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21, na hapo ndipo akawa Julius. Baadaye, akiwa Mkatoliki wa kwenda misa, alisema haoni sababu ya Mkatoliki kulazimika kuchukua jina lisilo la kabila lake anapobatizwa. Lakini jina lilikwisha kubandikwa. Leo limeandikwa kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa mikutano wa jiji hilo, na kwenye bwawa la Rufiji lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja.

Yeye mwenyewe aliwahi kukaa uso kwa uso na Julius wa Roma, na ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mazungumzo haya. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari. Mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mtafsiri alikuwa rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliyeingia ikulu Desemba 1962. Tamthilia aliyoichagua inahusu kiongozi mpendwa mwenye madaraka makubwa, na rafiki zake wanaomuua kwa hofu kwamba atakuwa mfalme, na nchi inayoingia vitani kwa sababu ya damu hiyo. Januari iliyofuata toleo la kwanza, tarehe 20 mwaka 1964, askari wake mwenyewe waliasi, akalazimika kujificha kwa muda, na uasi ukazimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza.

Sitaki kumpaka mafuta. Nyerere alitia saini sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, mwaka 1962. Nchi ikawa ya chama kimoja mwaka 1965. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, katika miaka ya sabini, kuna familia zilizohamishwa kwa nguvu na kuziacha nyumba zao nyuma, na wazee wengi hawajasahau. Anayemsifu bila kuyataja hayo hamtendei haki hata yeye, kwani mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilikosea mambo.

Lakini tukiwaweka Julius hawa wawili pamoja, tofauti inaonekana kwa macho. Wa Roma aliambiwa na Seneti avunje jeshi lake, akavuka mto Rubicon nalo mwaka 49 kabla ya Kristo, na mwanzoni mwa mwaka wa 44 akakubali udikteta wa maisha. Wa Butiama alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa kiti ili aende kujenga chama vijijini. Mwaka 1985 aliondoka ikulu kwa hiari yake, Ali Hassan Mwinyi akaapishwa, na yeye akarudi Butiama kulima. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, jina lililokuwa midomoni mwa watu barabarani halikuwa Julius wala Kambarage. Walimlilia Mwalimu. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Siku utakapokamilika, mapadri watakuwa na Julius mwingine wa kuwapa watoto, na huyu alizaliwa kwetu.

Kwangu mimi, katika wote waliobeba jina hili kwa miaka elfu mbili na zaidi, huyu anakaa mbele, na Yulio wa merikebu anakaa karibu naye.

Nina ombi moja kwako, msikilizaji. Kama nyumbani kwenu yuko Julius mzee, au mzee yeyote aliyepewa jina kwenye kisima cha ubatizo, kaa naye jioni hii umuulize mambo matatu: nani alimchagulia jina hilo, aliitwa nani kabla ya hapo, na lile la kwanza lilitokana na nini. Andika majibu yake kwenye daftari, uweke na tarehe. Vitabu vya ubatizo huandika jina, siku na wasimamizi. Kisa cha jina la nyumbani anacho mzee mwenyewe, na ukitutumia tutakisoma hapa redioni. Kwaheri.